Kikundi Kikitaka Kununua Kamera

Haya ni mazungumzo tuliyofanya na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa ili wale ambao hawakufika nao wapate kuyasoma na kuyajadili katika mikutano yao.

 

Vikundi vingi vimetuuliza swali moja: tuna pesa kidogo, tunataka kamera, je, tununue gani? Wengine wanataka kamera ya kuonyesha kazi yao. Wengine, na hasa vijana, wanataka kamera ya biashara, yaani harusi, Komunio ya kwanza, sherehe za kumaliza shule, mahari na matanga. Tutajibu. Lakini kwanza tukumbushane pesa hizi zimetoka wapi. Ni shilingi hamsini hamsini ambazo mama fulani ameleta kila wiki baada ya kuuza sukuma wiki. Kamera ikilala kabatini, ni hizo hamsini zimelala pamoja nayo.

Kuna kikundi kimoja tunachokijua, na jina lake hatutalitaja. Walichanga mwaka mzima, wakamtuma kijana wao Nairobi, naye akarudi na kamera ya bei nzuri ajabu. Kumbe ameuziwa mwili wa kamera peke yake, bila lenzi. Mwili bila lenzi ni kama baiskeli bila magurudumu. Pesa za lenzi hazikuwapo tena, maana zote zilikwisha dukani na kwa nauli. Kamera ikakaa kwa mweka hazina miezi saba, na kila mkutano ukawa wa kulaumiana. Wanachama wawili walitoka kikundini kwa sababu hiyo. Kamera yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hivyo neno letu kubwa leo ni hili: msimalize pesa kwa kamera. Katika kila shilingi tatu mlizo nazo, mbili ziende kwa kamera pamoja na lenzi yake, na ile moja ibaki kwa vitu vinavyoifanya kamera ifanye kazi. Ikiwa mna 45,000, basi mnatafuta kamera ya 30,000, hata kama muuzaji anawaonyesha ile ya 44,000 na kusema ni nafuu. Tutaona hizo 15,000 zinaenda wapi.

Je, kweli mnaihitaji?

Tuseme ukweli. Kwa kazi ya kumbukumbu za kikundi, mwanachama mmoja mwenye simu nzuri anatosha. Picha ya tangi la maji, ya mbuzi waliogawanywa, ya karatasi ya mahudhurio, hizo zote simu inaweza. Shida ya picha zetu nyingi za miradi haitokani na simu. Watu hupiga picha siku ya kufungua mradi peke yake, mgeni wa heshima akiwa katikati na kamba mkononi, halafu basi. Mwaka unaofuata hakuna anayeweza kuonyesha kama ule mradi ulibadilisha kitu.

Mnajua mambo ya Machakos? Mwaka wa 1994 kulitolewa kitabu cha watafiti kuhusu wilaya ile. Ndani yake kuna picha za vilima zilizopigwa mwaka wa 1937, udongo umemomonyoka, vilima viko uchi. Kando yake wakaweka picha za mahali pale pale zilizopigwa zaidi ya miaka 50 baadaye: matuta ya fanya-juu, miti, nyumba na mashamba. Watu walikuwa wameongezeka sana na bado ardhi ilikuwa imepona. Ungesema hivyo kwa maneno tu, wengi wangebisha. Picha mbili za kilima kimoja zinawanyamazisha.

Nanyi mnaweza kufanya hivyo, hata kwa simu. Chagueni mahali pa kusimama, muweke jiwe la alama. Kila baada ya miezi mitatu mtu asimame kwenye jiwe lile lile, aelekee upande ule ule, saa ile ile, apige. Awepo mtu au jembe ndani ya picha ili ukubwa uonekane. Katibu aandike tarehe daftarini. Kikundi kinachojenga bwawa la mchanga au kuziba korongo kikifanya hivyo miaka miwili, hakitahitaji hotuba ndefu mbele ya mfadhili.

Kamera yenyewe mnaihitaji pale simu inaposhindwa. Maharusi wako mbali, ndani kuna giza, madirisha ni madogo. Watoto wanacheza ngoma na hawasimami. Mteja anataka picha kubwa ya kuwekwa ukutani. Na kama mnataka kamera ya biashara, fanyeni kazi moja kabla ya kugusa pesa: katibu aandike kazi zote zinazojulikana za miezi sita ijayo katika parokia, shule na makanisa ya jirani, na aulize ni nani anazipiga sasa. Mkikuta kazi ni tatu, ngojeni. Mjini kuna watu wanaokodisha kamera kwa siku. Kodisheni kwa kazi mbili za kwanza, mjue kama kijana wenu anaweza na kama wateja wanalipa.

Namba zinazodanganya

Ukifika dukani utaambiwa habari ya megapikseli. "Hii ni 18, hii ni 24, chukua 24." Megapikseli moja ni nukta milioni moja zinazounda picha. Kamera ya kwanza kabisa ya dijitali iliundwa mwaka wa 1975 na mhandisi wa kampuni ya Kodak aitwaye Steve Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ikahifadhi picha kwenye kaseti kwa sekunde 23, na picha ilikuwa na nukta 10,000 tu. Siku zile namba hiyo ilikuwa na maana sana. Leo hesabu ni nyingine. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, ile ya albamu, inataka megapikseli 2 na kidogo ikichapishwa vizuri. Ukurasa mzima wa A4 unataka karibu 9. Sasa ya 18 itawashinda wapi? Msiongeze hata shilingi elfu tano kwa sababu ya 24.

Kitu cha kuuliza ni ukubwa wa kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Mafundi hukiita sensa, lakini si ile sensa ya kuhesabu watu. Fikirini mvua inanyesha na mnakinga maji. Mwenye kikombe na mwenye karai wamesimama kwenye mvua moja, lakini nani atapata maji mengi? Kamera ndogo za mfukoni za bei rahisi zina kikombe, karibu milimita 6 kwa 4 na nusu. Kamera ya Canon ya kubadilisha lenzi, ya daraja la chini, ina karai la milimita 22 kwa 15. Eneo hilo ni zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana ndani ya kanisa lenye giza kamera ndogo hutoa picha yenye chengachenga kama mchanga, hata ikiwa imeandikwa megapikseli 20. Tunawaambia wazi: kamera ndogo ya mfukoni msinunue kwa biashara. Simu nzuri inaishinda.

Majina ya kuandika daftarini

Kwa upande wa Canon, kuna EOS 1200D ya mwaka wa 2014 na EOS 1300D ya mwaka wa 2016, zote za megapikseli 18. Halafu mwaka wa 2018 zikatoka mbili: EOS 2000D ya megapikseli 24 na EOS 4000D ya 18. Jambo zuri la kamera hizi zote ni kwamba zinatumia betri ya aina moja, LP-E10. Kikundi jirani kikiwa na 1300D na nyinyi mna 2000D, mnaweza kuazimana betri siku ya harusi. Hilo si jambo dogo kijijini.

Ile 4000D ndiyo iliyotengenezwa kwa bei ya chini kuliko zote, na ubana-matumizi unaonekana: pale lenzi inaposhikana na mwili ni plastiki, wakati 2000D na 1300D zina chuma. Tena haina kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kioo cha kuchungulia, kwa hivyo mwenye macho dhaifu atavaa miwani yake akipiga. Picha zake hazina neno, ni nzuri. Lakini kati ya 4000D mpya na 1300D iliyotumika vizuri, sisi tungechukua 1300D. Na wale wenye ndoto ya studio wajue kwamba 2000D na 4000D zimeondolewa ile pini ya katikati pale juu panapowekwa taa ya nje. Taa nyingi za bei nafuu za makampuni mengine hazitawaka hapo.

Kwa upande wa Nikon kuna D3200 ya mwaka wa 2012, D3300 ya 2014, D3400 ya 2016 na D3500 ya 2018. Zote zina megapikseli 24, na betri yake hudumu. Mtego wake uko kwa lenzi. Kamera hizi hazina mota ndani ya mwili ya kusogeza lenzi ilenge. Mkiuziwa lenzi kuukuu ya Nikon iliyoandikwa AF tu, itaingia vizuri, lakini mtalenga kwa mkono kila picha, na harusi haingoji. Tafuteni iliyoandikwa AF-S. Zile mpya zaidi zilizoandikwa AF-P hazilengi zenyewe kwenye D3200.

Sasa kuna pia kamera zisizo na kioo cha ndani, kama Canon EOS R100 ya mwaka wa 2023. Ni nyepesi na ni nzuri, lakini betri yake inakwisha mapema zaidi na lenzi zake zilizotumika bado si nyingi sokoni. Kwa kikundi kinachoanza, hizi za zamani zinatosha.

Mkinunua, hakikisheni ina lenzi ya 18-55. Semeni kwa mdomo, muuzaji aandike kwenye risiti: mwili, lenzi, betri, chaja, mkanda.

Ya mitumba ikaguliwe vipi

Wengi wenu mtanunua iliyotumika, na hakuna aibu. Lakini nendeni watu wawili, mchana, mkiwa na kadi yenu na tochi. Mmoja akiwa amependa kamera, mwenzake amkanye.

Toeni lenzi muimulike tochi kutoka nyuma. Mkiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisheni. Vumbi kidogo ndani ya lenzi si neno. Kisha piga picha ya karatasi nyeupe au anga, kitundu cha lenzi kikiwa kidogo, namba f/16. Ikuzeni kwenye kioo. Madoa meusi ni uchafu juu ya ile sensa. Husafishwa, lakini ni gharama, na bei ipungue. Bonyezeni kila kitufe. Vuteni lenzi mbele na nyuma, sikilizeni kama inakwaruza. Taa yake iinuke na iwake. Pigeni picha ishirini mfululizo. Angalieni mlango wa betri, maana huo ndio huvunjika kwanza.

Halafu ulizeni imepiga picha ngapi. Ndani mna kifuniko kinachofunguka na kufunga kila unapobonyeza, mafundi wanakiita shata, na kina umri wake kama tairi. Nikon walisema shata ya kamera kama D3200 ilijaribiwa kwa mara 100,000. Kamera za Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, na kijana wa saiba anaweza kuisoma mkimpelekea picha moja. Kwa Canon hizi ndogo haionekani kwa njia hiyo, inataka programu maalum, kwa hivyo angalieni ulaini wa vitufe na kuchakaa kwa mpira. Iliyokuwa ya studio ya mjini imekimbia sana. Iliyokuwa ya familia mara nyingi haijachoka.

Na namba iliyo chini ya kamera iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina na kitambulisho cha aliyeuza. Kamera huibiwa sana. Kupatikana na mali ya wizi ni kosa, na polisi hawatajali kwamba nyinyi ni kikundi kilichosajiliwa.

Ile shilingi ya tatu

Turudi kwa zile 15,000. Kitu cha kwanza ni betri ya pili. Harusi ya kwetu inaanza asubuhi kwa kumtoa bibi harusi kwao na inaisha jioni kwa keki, na katikati hakuna mahali pa kuchaji. Cha pili ni kadi mbili. Kadi moja ya GB 32 inabeba zaidi ya picha 3,000, lakini ikiharibika harusi nzima imekwenda. Afadhali mbili za GB 16: asubuhi moja, mchana nyingine. Jihadharini na kadi bandia, zile zinazoandikwa GB 64 na ndani ni 8. Mkinunua, ijazeni yote mara moja kabla ya kuipeleka kazini, kisha mfungue picha za mwisho muone kama zinafunguka.

Picha zikifutika kwa bahati mbaya, acheni kuitumia kadi hiyo papo hapo. Msipige hata picha moja juu yake. Fundi wa kompyuta mara nyingi anaweza kuzirudisha kama hazijafunikwa na nyingine.

Kitu cha tatu ni mahali pa kuweka nakala ya pili. Picha zikae sehemu mbili, kwa watu wawili tofauti. Cha nne ni mfuko mzuri na kopo la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vya kunyonya unyevu. Vumbi la barabara ya murramu ni adui, na kwa wenzetu wa Pwani na wa kando ya ziwa unyevu ni adui zaidi. Lenzi isibadilishwe nje kwenye upepo. Kioo kisipulizwe kwa mdomo, mate yana madhara. Kinachobaki ni cha kuchapisha picha za kwanza za kuonyesha wateja, na cha fundi. Msikiguse.

Mwanga wa kwetu

Hapa ndipo tungependa mkae kitako, maana kamera ya bei rahisi mikononi mwa anayejua mwanga inaishinda ya laki mbili.

Sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita jua liko utosini. Mkimsimamisha mtu uwanjani saa hiyo, paji la uso linang'aa na macho yanakuwa mashimo meusi. Mpelekeni kivulini: chini ya mwembe, kwenye veranda, kando ya ukuta. Aelekee upande ulio wazi wenye mwanga. Kama mnaweza kuchagua saa, chagueni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Nyumba ya mabati yenye mlango mmoja ni studio nzuri sana. Mtu akae hatua mbili ndani, atazame mlangoni. Mpiga picha asimame karibu na mlango asiuzibe. Hakuna taa inayohitajika. Picha nzuri za akina nyanya tulizoziona zilipigwa hivyo hivyo.

Kamera haina akili ya kujua rangi ya mtu. Hupima mwanga wote unaoingia, ikataka kila kitu kiwe cha wastani. Anga jeupe likiwa nyuma ya mtu, au gauni la bibi harusi likijaa kwenye picha, kamera inadhani mwanga umezidi na inapunguza. Uso mweusi ndio unaoumia, unakuwa kivuli. Dawa iko kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Wekeni kwenye P, bonyezeni kitufe hicho na mzungushe hadi +1. Mkipiga uso wa karibu mbele ya ukuta mweusi, fanyeni kinyume, -1. Angalieni kwenye kioo, rekebisheni, pigeni tena. Zamani filamu ilikuwa na picha 36 na ulijua umeharibu baada ya wiki moja, zikishaoshwa mjini. Leo kosa halina bei, kwa hivyo kosea nyumbani kwako.

Ndani ya kanisa, pandisheni ISO hadi 1600 au 3200. ISO ni jinsi kamera inavyokazana na mwanga mdogo. Ikipanda, chengachenga huongezeka, lakini afadhali chengachenga kuliko picha iliyotikisika. Ile taa ndogo ya kamera hufika mita tatu hadi tano. Mnaowasha taa mkiwa kiti cha mwisho mnamulika kisogo cha mtu wa mbele, na padri naye anakasirika bure. Ndiyo maana tunawashauri kutumia P na si ile alama ya kijani, kwa sababu ya kijani mara nyingi huinua taa bila kuuliza.

Kwa uso, vuteni lenzi hadi 50 au 55 msogee nyuma kidogo. Ukiwa karibu na lenzi iko 18, pua inakua. Faida ya kwanza ikipatikana, kabla ya kufikiria kamera kubwa, nunueni lenzi ya 50mm f/1.8. Inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko 18-55 ikiwa imevutwa hadi mwisho. Kwa Nikon, tena, iwe AF-S.

Mwenye kuishika, na mwenye uso

Kamera ya kikundi hupotea kwa njia mbili, wizi na urafiki. Ule wa urafiki ndio mwingi. Mwenyekiti anaiazima kwa harusi ya mpwa wake, mpwa anampa rafiki. Basi wekeni daftari la kamera: nani amechukua, lini, na betri ngapi na kadi ngapi, amerudisha lini, sahihi. Mwenyekiti naye atie sahihi. Jamaa wa wanachama walipe, hata kama ni nusu. Fundisheni watu wawili, na mmoja awe mwanamke, maana kuna sherehe ambazo kijana wa kiume hawezi kuingia chumbani mwa bibi harusi. Na mkifundisha mmoja tu, siku atakapopata kazi Mombasa kamera itabaki pambo.

Jambo la mwisho, tusikilizane vizuri. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, picha ya mtu ni mali yake kwa njia ambayo wengi hawajui. Ukitaka kuitumia kwa tangazo au kuiweka Facebook, omba ruhusa, na kwa mtoto ruhusa ni ya mzazi. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni. Hebu fikirieni kikundi chenu na faini ya namna hiyo. Wekeni karatasi fupi ya ruhusa, mteja atie sahihi siku anapolipa kianzio.

Na sheria kando, msimpige picha mgonjwa wala mtoto yatima kwa sababu mfadhili anapenda huruma. Muulizeni kwanza, na akikataa, mfungeni lenzi. Tumeona mama akikutana na uso wake kwenye kalenda ya watu asiowajua, ameandikwa "maskini". Mama yule alikuwa mwanachama aliyelipa michango yake yote.

Haya. Waliokuja na kamera waziweke hapa mezani, na wenye simu wasijifiche. Kila kikundi kipige picha tatu za mtu mmoja huyo huyo: moja pale uwanjani juani, moja chini ya mwembe, na moja humu ukumbini akitazama mlango. Tutaziangalia pamoja baada ya chai, halafu waweka hazina wabaki kidogo tufanye hesabu ya shilingi tatu kwa kila kikundi.